Faida Hufuata Dhamana: Namna ya Kulipima Wazo la Biashara

Wazo la biashara hupimwa kwa maswali mawili. La kwanza ni la hesabu: je, litalipa? La pili ni la dhamiri: je, ni halali? Mara nyingi maswali haya hupelekwa kwa watu tofauti. La kwanza huulizwa kwa mzoefu wa soko, la pili kwa shehe au padri, tena pengine baada ya mtaji kwisha kuingia kazini. Falsafa na sheria za dini hazikuyatenga hivyo. Wanafikra wa Ugiriki ya kale, mafakihi wa Kiislamu na wanateolojia wa Kikristo, kila mmoja kwa njia yake, waliyakutanisha katika swali la tatu: mambo yakienda kombo, hasara itamwangukia nani, na je, mtu huyo anajua na ameridhia? Anayelijibu swali hili kwa ukweli huwa amekwisha kuyajibu yale mawili kwa sehemu kubwa.

Kinachohesabika na kisichohesabika

Mojawapo ya habari za kale zaidi kuhusu wazo la biashara imo katika kitabu cha kwanza cha Siasa cha Aristotle, aliyeishi kati ya mwaka 384 na 322 KK. Inamhusu Thales wa Miletus, mwanafalsafa aliyesimangwa kwamba elimu yake haikumtoa katika umaskini. Kwa kusoma nyota, Thales alitambua wakati wa baridi kwamba mavuno ya zeituni ya mwaka uliofuata yangekuwa makubwa. Akatoa arbuni, akakodi mitambo yote ya kukamulia zeituni ya Miletus na ya kisiwa cha Chios, kwa bei ndogo kwa kuwa hakuna mwingine aliyeitaka wakati huo. Msimu ulipofika na watu wakaihitaji kwa mpigo, aliipangisha kwa bei aliyoitaka mwenyewe.

Wengi huvutiwa na ubashiri wake. Hata hivyo, kilicholifanya wazo hilo kuwa la busara ni ile arbuni. Zeituni zingekataa kuzaa, Thales angepoteza arbuni na kuishia hapo, na fedha hiyo ilikuwa yake. Alijua ukubwa wa hasara kabla ya kujua ukubwa wa faida.

Mwaka 1921 mwanauchumi wa Marekani, Frank Knight, aliipa tofauti ya kinachohesabika na kisichohesabika msingi wa nadharia. Ipo hatari inayohesabika, kama ile ya kampuni ya bima inayojua kwa wastani ni nyumba ngapi huungua kila mwaka. Yapo pia mashaka yasiyo na takwimu yoyote ya kuegemea: kama watu watakipenda kitu ambacho hawajawahi kukiona, au mshindani atafanya nini miezi sita ijayo. Kwa maelezo ya Knight, kinachohesabika hukatiwa bima na kuingizwa katika gharama. Faida ya mfanyabiashara hutokana na yale mashaka yasiyohesabika. Kwa hiyo anayetangaza wazo lenye faida kubwa na lisilo na mashaka anatangaza mambo mawili yasiyokaa pamoja, isipokuwa kama mashaka hayo amempelekea mtu mwingine.

Aristotle naye hakuishia kwenye sifa. Anasema kilichomtajirisha Thales ni kuhodhi, kisha anaongeza kisa cha mtu wa Sicilia aliyenunua chuma chote akawa muuzaji pekee. Mtawala Dionysius alimwacha aende na fedha zake, lakini hakumruhusu kuendelea kukaa Syracuse. Hesabu za mtu yule zilikuwa sahihi. Waliozilipia ni watu wa mji, na wao hawakuulizwa.

Dua na hesabu

Ipo dhana kwamba dini humtaka mtu aache kuhesabu na badala yake ategemee. Maandiko hayaiungi mkono. Injili ya Luka ina mfano wa mtu anayetaka kujenga mnara, ambaye inampasa kwanza kuketi na kukadiria gharama, asije akaweka msingi na kushindwa kumaliza mbele ya macho ya watu. Katika mapokeo ya Kiislamu, mtu aliyeuliza kama amwache ngamia wake bila kumfunga na amtegemee Mungu aliagizwa amfunge, ndipo ategemee.

Swala ya istikhara huwekwa mahali pake na mafundisho hayohayo. Ni rakaa mbili na dua ya kumwomba Mungu achague lililo na heri na aliepushe lililo na shari. Wanazuoni hueleza kwamba haiswaliwi kwa jambo la wajibu, kwa kuwa hilo halina hiari, wala kwa jambo la haramu, kwa kuwa hilo halina mjadala. Huswaliwa mtu anaposimama kati ya mambo yanayoruhusiwa, na huambatana na kutaka ushauri kwa wenye ujuzi. Mtu anayeomba aongozwe kuhusu duka ambalo hajauliza kodi yake wala wateja wake hajafika mahali pa istikhara. Bado yuko kwenye ngamia asiyefungwa.

Pato na dhamana

Fikihi ya miamala huanza kwa uwazi mkubwa: asili ya kila muamala ni ruhusa mpaka ipatikane dalili ya kuukataza. Wazo la biashara halihitaji aya ya kuliidhinisha. Hupangwa katika moja ya hukumu tano, yaani wajibu, sunna, mubaha, makuruhi au haramu, na sehemu kubwa ya biashara huangukia kwenye mubaha, yaani jambo linaloruhusiwa. Miongoni mwa makatazo, mawili yana uzito wa pekee: riba, na gharari, yaani kuuza kisichojulikana kama kipo au kikoje, kama samaki aliye bado baharini.

Nyuma ya makatazo hayo ipo kanuni inayotokana na hadithi ya Mtume, kwamba pato huenda na dhamana. Anayestahili faida ya kitu ni yule ambaye, kitu hicho kikiharibika, hasara ni yake. Kanuni hii inaeleza kwa nini mkopo wa riba na ubia wa mudharaba, vinavyofanana kwa mtazamo wa haraka, vimehukumiwa kwa njia tofauti. Katika vyote viwili mmoja ana fedha na mwingine ana nguvu na ujuzi. Katika mkopo wa riba, mwenye fedha amejihakikishia ziada yake hata duka likiungua. Katika mudharaba, faida hugawanywa kwa uwiano uliokubaliwa mwanzoni. Ikija hasara, mwenye mtaji hupoteza mtaji na mfanyaji kazi hupoteza jasho lake, ila kama alizembea au alivunja masharti.

Tofauti hiyo ni ya haki, lakini pia ni ya maarifa. Mwenye mtaji anayeweza kupoteza hulazimika kulichunguza wazo: soko lake, mwendeshaji wake, msimu wake. Mkopeshaji aliyeshika hati ya nyumba huichunguza nyumba. Wazo baya hupita mikononi mwake bila kuguswa, kwa sababu kuanguka kwake hakumhusu.

Sheria za kisasa zimeleta ugumu mpya. Mwaka 1855 bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya dhima yenye kikomo, na mfumo huo umeenea duniani. Mwenye hisa hapotezi zaidi ya thamani ya hisa zake. Deni linalobaki kampuni ikifilisika hubebwa na wanaoidai. Watetezi wa mfumo huu husema kwamba bila kinga hiyo wachache wangethubutu kuweka fedha zao katika reli na viwanda, na hoja yao ina nguvu. Benki inayoikopesha kampuni inaijua kinga hiyo na imekwisha kuiwekea bei. Kibarua anayedai mshahara wa miezi miwili hakuwekea chochote bei. Aliamini kwamba kazi hulipwa. Kwa hiyo sheria ileile yaweza kuwa ya haki kwa mdai mmoja na dhuluma kwa mwingine, na kinachowatofautisha ni kujua na kuridhia.

Kahawa ikiwa ua

Kanuni hizi huonekana wazi katika biashara ya mazao. Mkoani Kagera, ununuzi wa kahawa ikiwa bado mtini, pengine ikiwa ua tu, huitwa butura. Mkulima mwenye dharura, karo ya shule au mgonjwa nyumbani, hupokea fedha kidogo leo, na kahawa itakayovunwa inakuwa ya mnunuzi. Kwa upande wa hesabu wazo hilo linavutia: mtaji mdogo, msimu mmoja wa kusubiri, bei ya chini mno. Mnunuzi hudai kwamba yeye ndiye anayebeba hatari, maana mvua ikikosa atapoteza.

Hadithi za Mtume zimekataza kuuza matunda kabla hayajaonyesha kukomaa, na sababu iliyotajwa inamlinda mnunuzi: Mungu akiyazuia matunda, muuzaji atakuwa ameichukua mali ya mwenzake kwa kitu gani? Katika butura anayeumia kwa kawaida ni muuzaji, ila kasoro ni ileile: hakuna kati ya wawili hao anayejua kinachouzwa ni kiasi gani. Tena katika butura hali ya kutojua huongezewa shida ya mmoja. Bei haikutokana na makadirio ya mavuno. Imetokana na karo inayotakiwa Jumatatu. Ridhaa ipo, lakini ni ya mtu asiye na njia nyingine.

Fikihi haikuishia kukataza, kwa kuwa haja ya mkulima ya kupata fedha kabla ya mavuno ni ya kweli. Ilitambua mkataba wa salamu, ambao watu wa Madina waliutumia katika tende, kwa masharti yanayofaa kutazamwa moja moja. Bei hulipwa yote mwanzoni. Aina, kipimo na tarehe ya kukabidhi vinajulikana. Zao halifungwi kwenye mti fulani wala shamba fulani, ili shamba likiharibika muuzaji aweze kulipa kwa zao la mahali pengine. Kila upande unaijua hasara yake: muuzaji anadaiwa kilo kadhaa, mnunuzi anabeba kushuka kwa bei. Hitaji moja limezaa mawazo mawili ya biashara, na tofauti yake imo katika kipimo.

Kipimo ndicho kinachokosekana pia katika lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kimo chake na kununuliwa kama gunia moja la kawaida. Sura ya 83 ya Kurani hubeba jina la wanaopunja vipimo, na nabii Amosi katika Agano la Kale anawakemea wafanyabiashara wa namna hiyo. Wafanyabiashara wengi huichukulia lumbesa kama desturi ya soko. Hesabu ya kubuni yaweza kuonyesha inachokificha. Mchuuzi ananunua magunia 100 ya viazi kwa shilingi 60,000 kila moja, akilipia kilo 100 kwa gunia lenye kilo 130. Ametoa shilingi 6,000,000 kwa kilo 13,000. Usafiri, ushuru na vibarua vinamgharimu shilingi 3,000,000. Sokoni anauza kwa shilingi 800 kwa kilo na kupata 10,400,000, kwa hiyo faida yake ni 1,400,000. Kama angemlipa mkulima kila kilo kwa bei ileile ya shilingi 600, viazi vingemgharimu 7,800,000, na angeishia na hasara ya 400,000.

Kwa hiyo mchuuzi huyo hana biashara ya viazi. Anachokula ni shilingi 1,800,000 za kilo 3,000 ambazo hazikulipiwa. Siku sheria ya vipimo itakaposimamiwa, au wakulima watakapopata mizani yao, wazo lake litakufa. Swali la dhamiri limetoa jibu la hesabu: ukiondoa upunjaji kwenye daftari na faida ikatoweka, wazo hilo halikuwa na uhai wake lenyewe.

Mwenye kujua na asiyejua

Vipi kuhusu faida inayotokana na kujua zaidi ya wengine? Cicero, mwanasheria wa Roma, aliandika mwaka 44 KK juu ya mfanyabiashara wa nafaka anayetoka Alexandria kwenda Rhodes wakati wa njaa. Anajua kwamba meli nyingine zilizojaa nafaka ziko njiani. Je, awaambie watu wa Rhodes, au akae kimya na auze kwa bei ya njaa? Cicero anawaleta wanafalsafa wawili wa Kistoa. Diogenes wa Babeli anasema muuzaji ana wajibu wa kutaja kasoro za mali yake na kutosema uongo, basi. Antipater anasema kumficha binadamu mwenzako jambo linalomfaa, kwa ajili ya faida yako, ni kuvunja ushirika wa binadamu. Cicero anamfuata Antipater. Katika karne ya 13, mwanateolojia wa Kikristo Thomas Aquinas alikitazama kisa kinachofanana na hicho akakata shauri kwa upole zaidi: mfanyabiashara huyo havunji haki akikaa kimya, ingawa akisema au akipunguza bei atakuwa na wema mkubwa zaidi. Nayo hadithi ya Mtume inakataza kuwaendea wenye misafara njiani na kununua mali yao kabla hawajafika sokoni na kujua bei.

Maoni haya yanatofautiana, lakini yanasaidia kutenga aina mbili za ujuzi. Upo ujuzi unaopatikana kwa juhudi: aliyejifunza kutengeneza mashine, aliyesafiri kutafuta bidhaa, aliyevumilia kusoma hali ya soko. Faida ya ujuzi huo ni malipo ya kazi, na mteja hapotezi kwa kuwa nao muuzaji. Upo pia ujuzi ambao thamani yake yote ni kwamba mwenzako hana, na ambao akiupata leo jioni atajiona amepunjwa. Wazo lililosimama juu ya ujuzi wa namna hii lina maisha mafupi, hasa wakati huu ambapo mkulima huweza kuuliza bei ya mjini kwa simu. Linahitaji kila siku mtu mpya asiyejua.

Hasara iliyo nje ya mkataba

Mpaka hapa waliotajwa ni wale walio ndani ya mapatano. Ugumu mkubwa zaidi uko kwa wale ambao hawamo. Misafara ya karne ya 19 kutoka Zanzibar kwenda bara ni mfano mzito. Taria Topan, tajiri wa Kihindi wa Zanzibar, alimkopesha mfanyabiashara wa misafara Hamed bin Muhammed el Murjebi, aliyejulikana kama Tippu Tip. Kati ya mkopeshaji na mkopaji mambo yalikuwa na utaratibu: ahadi ilitunzwa, deni lililipwa, hatari ya safari ilijulikana. Ukiutazama mkataba peke yake, wazo lilikuwa la thamani kubwa na waliohusika walikuwa waaminifu. Katika biashara ya misafara kwa jumla, hasara iliwaangukia watu wa vijiji vilivyovamiwa na waliotekwa kwa ajili ya kuuzwa, ambao katika daftari walionekana kama bidhaa. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, wakati wa Sultani Barghash, na utumwa wenyewe ukapigwa marufuku visiwani mwaka 1897.

Funzo la kifalsafa ni kwamba uaminifu kati ya washirika hautoshi kulihukumu wazo. Al-Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1111, alilitambua hili katika kitabu chake Ihya, katika sehemu ya adabu za kuchuma. Alitenga dhuluma inayomwangukia aliye mbele yako na ile inayouenea umma, na katika hii ya pili alitaja kuficha chakula ili bei ipande na kupitisha sarafu bandia. Sarafu mbovu, alieleza, huendelea kupita mkono hadi mkono na kudhuru hata baada ya aliyeianzisha kufa. Machinjio inayomwaga maji machafu mtoni, au tanuri la matofali linalomaliza miti ya kijiji, ina deni la aina hiyo hata kama kila mteja na kila mfanyakazi amelipwa haki yake.

Wazo lisilo na bidhaa

Mwaka 2009 serikali ya Tanzania ilisimamisha shughuli za DECI, ambako watu waliweka fedha kwa lugha ya kupanda mbegu na kusubiri kuvuna. Lugha hiyo ya kanisani iliwapa wengi utulivu ambao hesabu isingewapa. Upatu wa kawaida ni kitu kingine: watu wanaojuana huchangiana kwa zamu, kila mmoja hupokea alichotoa, na hakuna faida inayoahidiwa. Katika mpango wa piramidi kama ule wa DECI, anayevuna hulipwa na anayepanda baada yake, na hakuna kinachozalishwa katikati. Ikiwa kila mshiriki anahitaji wengine watano nyuma yake, ngazi ya kumi na moja peke yake ingedai watu zaidi ya milioni 48, wakati Watanzania wote waliohesabiwa katika sensa ya 2012 walikuwa milioni 44.9. Kwa hiyo hasara ilikuwa sehemu ya mpango tangu siku ya kwanza. Kisichojulikana kilikuwa tu majina ya watakaoibeba. Anayeingia mapema akiamini kwamba atatoka kabla ya kuanguka anakosea hata akifanikiwa, kwa sababu anachochukua ni akiba ya aliyechelewa.

Kosa la kutothubutu

Kuuliza nani atabeba hasara kwaweza kumgeuza mtu kuwa mwoga, na woga nao una hukumu yake. Katika mfano wa talanta katika Injili ya Mathayo, mtumishi aliyezika fedha ya bwana wake hakupoteza chochote, na ndiye aliyekemewa. Al-Ghazali huzihesabu kazi za ufundi na biashara kuwa faradhi ya kutosheleza: wakiziacha wote, maisha ya umma yataharibika. Kijiji kisicho na duka la dawa kinabeba hasara ya wazo ambalo hakuna aliyelithubutu.

Hapo ndipo familia inapoingia katika hesabu. Anayeweka rehani shamba la ukoo ili afungue kiwanda anasema amejitolea, kumbe amewatolea na wengine. Mke au mume, watoto, ndugu walioungana katika shamba hilo ni wabia katika hasara hata kama hawatakuwa wabia katika faida. Kuthubutu kwa haki ni kuweka mezani kilicho chako, au cha walioketi nawe wakakubali. Arbuni ya Thales ilikuwa na sifa hiyo.

Uamuzi na matokeo

Mpangilio wa kulipima wazo unafuata kutoka hapo. Kwanza hutajwa wote watakaoguswa na kuanguka kwake, walio ndani ya mkataba na walio nje. Kisha huondolewa kwenye hesabu kila shilingi inayotokana na kufichwa kwa jambo, kupunjwa kwa kipimo au shida ya asiye na hiari, na huangaliwa kama faida imebaki. Baadaye hupimwa kama hasara kubwa kabisa inaweza kubebwa na walioridhia bila kuwavunja. Mwisho huulizwa kama kitakachozalishwa kinahitajika na watu.

Wazo linalovuka hatua zote hizo bado laweza kushindwa. Mvua hukosa, bei hushuka, mshindani mwenye nguvu hufika. Lingine lisilovuka hata moja laweza kumtajirisha mwenyewe na kumjengea ghorofa. Matokeo hayabadilishi hukumu, kwa kuwa uamuzi hupimwa kwa yale ambayo mwamuzi aliyajua na aliyopaswa kuyatafuta wakati wa kuamua. Aliyefilisika katika wazo la haki amepoteza mali yake na hana mtu wa kumwomba radhi. Aliyetajirika kwa lumbesa ana faida mkononi na deni la kilo 3,000.